Nilivyokuwa Kinywa cha Kalunga

Ninyi vijana wa shantiye yetu ya kujenga mashua, tangu niseme naacha kazi hamuchoki kuniambia: "Papa Kitenge, utuandikie, usiende na akili yote nyumbani." Basi kaeni, naandika. Shule yangu ilikwisha darasa la tatu, kwa hiyo mahali pengine kalamu itateleza. Mashua zangu hazitelezi. Ziko ndani ya ziwa mpaka leo, na watu wenye diploma wanazipanda mpaka Moba bila kuuliza diploma ya fundi.

Sitaandika jinsi nilivyotoka kubeba mbao nikawa patroni. Hiyo munaijua, muke wangu anasema hata mbuzi wetu wanaijua. Nitaandika juu ya muntu aliyenifundisha kazi bila kutoa sauti hata moja, na juu ya siku niliyokaribia kumupotezea mutoto ambaye alikuwa hajazaliwa bado. Kosa lilikuwa langu mimi peke yangu, na sikulifanya kwa ubaya. Nililifanya kwa kujua kusema vizuri.

Wakati ule nchi iliitwa Zaire, na hata muzoa takataka ulipaswa kumuita "situayen", yaani raia. Nilitoka Kiambi, sehemu kwa miguu, sehemu juu ya lori, sehemu kwa treni nimekalia magunia ya wengine. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nguvu za watu wawili. Asubuhi ya kwanza nikajisimamisha mbele ya Muzee Mubanga, mwenye shantiye ya mashua hapa Kalemie, pale muto Lukuga unapotoka ziwani.

"Weye unajua kazi gani?" akaniuliza, bila kuacha kutafuna muhogo wake.

"Kazi yote, patroni."

"Ah. Wa kazi yote ninao wengi, njo sababu mashua zangu zinavuja. Nenda kule kwa Bubu, umushikie pamba."

Mafundi wakacheka. Baadaye nilijua sababu: hakuna aliyetaka kufanya kazi na yule waliyemuita Bubu, kwani siku nzima ungekosa muntu wa kupiga naye soga. Alikuwa mwanaume wa miaka kama ishirini na saba, mufupi, mwenye mikono iliyoonekana kama ameiazima kwa muntu murefu. Kiziwi tangu kuzaliwa. Kazi yake ilikuwa kalafati, yaani kuziba mianya kati ya mbao: unasokota pamba, unailowesha mawese, unaipigilia ndani kwa patasi butu na nyundo ya muti, kisha unapaka lami juu. Ni kazi ya muntu mwenye subira. Mimi sikuwa nayo, lakini nguvu nilikuwa nazo, nimekwisha kusema.

Nikasimama nyuma yake, nikamusalimia. Hakugeuka. Nikasema kwa nguvu. Mara ya tatu nilipaza sauti mpaka wavuvi wa ng'ambo ya Lukuga wakaniitikia. Basi nikamushika bega kwa nyuma, vuup, kama vile tunavyoshikana sisi. Patasi yake ilipita mbele ya pua yangu. Ingekuwa pua ndefu kidogo, leo nisingekuwa muzuri hivi. Hilo lilikuwa somo la kwanza, nanyi mulishike: kiziwi humushiki kwa nyuma. Unazunguka mpaka akuone, au unamugusa bega taratibu, au unapiga muguu juu ya mbao aliyosimama, naye atakusikia kwa nyayo.

Somo la pili alinipa siku ileile. Munajua mafundi tunavyobeba misumari katikati ya midomo. Nilimugeukia na misumari yangu, nikawa namuonyesha jambo. Akaniangalia. Akaja, akaanza kunitoa misumari kinywani mumoja mumoja, kama mama anayemutoa mutoto wake udongo kinywani, akaiweka ndani ya kopo. Kisha akagusa uso wangu kwa kidole na kungoja. Nilielewa. Kwao uso ni nusu ya maneno. Muntu mwenye misumari kinywani ni kama muntu anayekuongelesha akiwa nyuma ya ukuta.

La tatu lilikuwa la mashua yenyewe. Kuna sehemu za kalafati ambapo mumoja anakaa ndani ya mashua na mwingine nje, na hamuonani. Wengine wote walipigiana kelele. Kalunga, maana hilo njo jina alilopewa na mama yake, alinifundisha kugonga ubao. Mara moja: ongeza pamba. Mara mbili: inatosha. Mara tatu: acha unachofanya, njoo tuonane. Aliweka kiganja upande wake na kila pigo alilipata. Sisi wawili tulimaliza ubavu mumoja wa mashua wakati wengine wanne bado wanaulizana "unasemaje?" Musinione ninajisifu. Muzee Mubanga mwenyewe alishuhudia.

Na jambo hili nililiona kwa macho yangu. Fundi anayesikia hugonga ubao kwa nyundo na kusikiliza kama umeoza. Kalunga aliweka kiganja, mara nyingine taya, akaniambia nigonge mbali. Siku moja alikataa ubao ambao Muzee Mubanga alikuwa amekwisha kuupitisha. Muzee akakasirika, akaupasua ili kumuaibisha. Katikati ulikuwa unga. Muzee akautazama kwa muda murefu, akasema: "Bon. Tangu leo ubao wote upite kwanza kwa Kalunga." Ilikuwa mara ya kwanza kumuita kwa jina lake.

Kisha ya mwaka mumoja hivi, Kalunga akanichukua Jumapili kwa watu wake. Mimi nilifikiri najua lugha ya mikono. Nilijua pamba, lami, nyundo, njaa, na matusi mawili. Nikavaa shati langu la pekee, nikaenda kama mwalimu.

Viziwi wa Kalemie walikutana kisha ya misa nyuma ya soko, penye meza ya ndagala ya musichana aliyeitwa Mauwa, naye kiziwi. Kulikuwa watu kama ishirini: mushona viatu, mabibi wawili wa kufuma mikeka, muvuvi wa Kabimba, na kijana mumoja aliyesoma katika shule ya viziwi mbali, yeye alileta herufi za vidole. Zile ishara zingine walizitengeneza wenyewe, muji huuhuu. Ziwa ni kiganja kinachoyumba. Treni ni kiwiko kinachozunguka. Ndagala ni vidole viwili vinavyotetemeka, na Mauwa akivitetemesha, unaona kabisa samaki walio kavu na walio na muchanga, na unaona muuzaji jirani yake anayechanganya wote wawili.

Nilisimama katikati yao, mimi musemaji mukubwa wa Kiambi, na nikawa bubu wa pale. Mikono ilikuwa inaruka, watu wanacheka mpaka wanashikana mabega, na mimi natabasamu kama mugeni asiyejua mulango wa choo. Wakaniuliza jambo. Nikajibu. Wakaangushana kwa kicheko. Kalunga akanieleza polepole kwamba wameniuliza natoka wapi, na mimi nimejibu kuwa nina njaa.

Walikuwa na habari zote za muji. Walijua nani wa bandari amegombana na muke wake, kwa mabega tu. Walijua kamisaa wa zone, yule mukubwa wa serikali, amepata habari mbaya, kwa vile alivyofunga mulango wa gari. Hata siku zile za kucheza na kuimba kwa ajili ya chama tawala, ambapo sisi wote tulilazimika kujipanga, viziwi hawakukosea hatua hata moja, kwani waliangalia miguu, sisi tulisikiliza ngoma na kuota mambo yetu. Na kuagana kwao! Sisi tunasema kwaheri, tunakwenda. Wao, kila mumoja lazima amutazame kila mumoja, na katika kutazamana habari mupya inazaliwa. Tulianza kuagana jua likiwa juu, tulimaliza jua likiwa jekundu.

Mauwa njo alinipa jina. Kwao hamuitwi kwa herufi, munaitwa kwa ishara moja inayowafanana. Aliniangalia kwa muda, akaweka vidole vyake mbele ya midomo, vikawa vinafunguka na kufunga, kwa-kwa-kwa. Bata. Wote wakakubali mara moja, bila hata mujadala. Nikasema vizuri, bata anaelea, na mimi ni muntu wa mashua.

Nilirudi Jumapili zote. Miaka mitatu. Nilijifunza kutotazama pembeni muntu anapokuongelesha, maana kwao kugeuza macho ni kama sisi kufunga mulango kwa kishindo. Nilijifunza haraka kuliko muntu yeyote anayesikia hapa Kalemie. Nakubali kwamba hakukuwa na mwingine aliyejaribu.

Sasa nafika kwenye kosa.

Kalunga na Mauwa walitaka kuoana. Wao walikwisha kupatana zamani, kwa macho, juu ya meza ya ndagala. Lakini baba yake Mauwa, Papa Sangwa, alikuwa mulimaji wa kule Niemba, na mambo ya mahari yanasemwa kwa kinywa. Baba ya Kalunga alikufa. Mujomba wake alikataa kwenda. "Bubu na bubu," alisema, "mimi nikaseme nini pale?" Basi Kalunga akaniomba mimi.

Vijana, munajua desturi yetu. Bwana arusi hasemi. Anakaa nyuma, anainamisha kichwa, na musemaji wake anasema. Bibi arusi yuko ndani na mashangazi. Mimi nilikuwa nimezaliwa kwa kazi ile. Tulipanda treni na mama yake Kalunga, tukafika Niemba, ambako Mauwa alikuwa ametangulia, tukatandikiwa mukeka, nikakaa mbele, na Kalunga nyuma ya mugongo wangu.

Nilisema. Ninyi hamujawahi kunisikia nikisema kama siku ile. Nilimusifu Kalunga mpaka mama yake akalia. Wazee wakapiga makofi. Mahari tukapatana bila kununa. Kisha Papa Sangwa, muntu mukavu, mupole, mwenye kofia ya zamani, akasema: "Kuna neno moja limebaki. Hawa wawili hawasikii. Mutoto wao wa kwanza, nani atamufundisha kusema? Akiacha kunyonya, aje hapa kwangu, akulie hapa. Awe wa nyumba hii."

Sikufikiri hata muda wa kumeza mate. Kwetu watoto wengi wanalelewa na babu na bibi; mimi mwenyewe nililelewa hivyo. Na niliona ni neno la akili. Nikajibu: "Papa, hilo ni neno dogo. Tumekubali." Wakapiga makofi tena. Tukakula kuku.

Wakati huo wote sikugeuka nyuma hata mara moja. Sikuinua mukono hata mumoja. Nilikuwa nasema.

Katika treni ya kurudi Kalunga alikaa mbele yangu, macho yanawaka. "Haya, niambie," akasema kwa mikono. "Walisema nini?" Nikamuambia. Mahari. Siku ya ndoa. Jinsi nilivyomusifu. Alicheka, akaniita Bata mukubwa. Kisha nikamuambia na lile la mwisho, kwa mukono mumoja, kama muntu anayekumbuka kitu kidogo: mutoto wa kwanza, kunyonya kwisha, Niemba, kukaa.

Alifikiri ninatania. Akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Kukaa siku ngapi?"

"Kukaa. Kukulia."

Mikono yake ikabaki hewani. Kisha akauliza polepole sana, kila ishara peke yake: "Nani alijibu?"

"Mimi."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Nyuma yangu."

Aliniangalia mpaka nikaona haya bila kujua bado sababu. Kisha akageuza uso dirishani.

Muntu anayesikia, hata akikununia, unaweza kumusumbua. Unasema mulangoni, unasema dirishani, unaimba, sikio halina kifuniko. Kiziwi akikunyima macho, huna tena njia. Mimi, ambaye nimeuza mashua kwa watu waliokuja kununua nyavu, sikuweza kumufikishia Kalunga neno hata moja. Pale shantiye alifanya kazi mugongo kwangu. Nikizunguka mbele, anainama. Nikimugusa bega, anaondoa bega. Jumapili nilienda sokoni. Mauwa aliniona kutoka mbali, akafunika ndagala zake kwa kitambaa na kuanza kuhesabu vifungo vya nguo yake. Watu ishirini, na hakuna jicho hata moja. Kijana wa shule ya mbali peke yake alinihurumia, akaniambia: "Mama yake Mauwa alipokufa, hakuna aliyemueleza Mauwa. Aliona watu wanachimba, akafikiri wanapanda muti. Maisha yake yote watu wanapatana juu yake mbele ya uso wake. Na weye ulijua mikono. Njo hiyo inauma."

Njo hapo nilielewa. Wale wengine walimufungia Mauwa nje kwa kutojua. Mimi nilijua, nikafunga.

Juma la pili tulikuwa na mashua ya kumaliza. Kalunga alikuwa nje, anakalafati ubavu wa kulia. Mimi nikaingia ndani, nikatafuta mahali ambapo mapigo yake yalikuwa yanatoka, nikagonga mara tatu. Njoo tuonane. Nyundo yake ikasimama, kisha ikaendelea. Nikagonga tena mara tatu. Ikaendelea. Niligonga asubuhi yote, vijana, mpaka ngozi ya vifundo vya vidole ikatoka. Muzee Mubanga akachungulia: "Kitenge, unaijenga hii mashua ao unaibomoa?" Nikagonga. Wakati fulani kabla ya chakula nyundo ikasimama na haikurudi. Nikainua macho. Kalunga alikuwa ameegemea ukingo wa mashua, ananitazama kutoka juu.

Nikasema kwa mikono, moja kwa moja: "Nimeiba jibu lako. Nitarudi Niemba kulitoa."

"Hapana," akasema. "Weye hutoi kitu. Mimi nitalitoa. Weye utakuwa kinywa. Kinywa tu. Unaweza?"

Nikasema ninaweza. Sikujua ninachokubali. Nimejenga mashua wakati wa upepo, nimetoa ubao chini ya maji nikishikilia pumzi, lakini kazi ngumu kuliko zote maishani mwangu ilikuwa ile: kusema maneno ya muntu bila kuongeza langu. Jumapili tano walinifundisha nyuma ya soko. Mauwa alisema jambo kwa mikono, mimi nikalisema kwa sauti kwa mama yake Kalunga, na yule mama akawarudishia kwa ishara zake kidogo alizozijua, ili waone nimeongeza nini. Kila mara nilikuwa nimeongeza. Mauwa akisema "nataka nyumba", mimi nilisema "nataka nyumba muzuri yenye mabati". Alinipiga mukono kwa kitambaa cha ndagala. "Mabati yako peleka kwako!"

Tulirudi Niemba na jogoo wa kuomba musamaha. Mimi nilikaa kando ya Papa Sangwa, nikitazamana na Kalunga. Mauwa alitoka nyumbani mwenyewe akaja kukaa kando ya muchumba wake, na wazee wakanung'unika.

"Tangu lini bibi arusi anakaa mu mukutano?" akauliza mudogo wa Papa Sangwa.

Nikafanya swali lile kwa mikono, lote, pamoja na mununo wake. Mauwa akajibu, na mimi nikatoa sauti: "Tangu leo. Nikiwa ndani sioni chochote."

Kalunga akaanza. Nikasema: "Papa Sangwa, mimi Kalunga nimekuja kurudisha neno ambalo sikulisema."

Papa Sangwa akanigeukia. "Weye si Kalunga. Weye njo ulisema ni neno dogo. Kinywa chako hichohicho."

"Papa," nikasema, "kinywa njo changu, maneno njo yake. Ile siku nyingine yote mawili yalikuwa yangu. Nilikosa." Na hilo nililiweka pia kwa mikono, ili walione.

Yule mudogo akarukia: "Na mutoto akilia? Watasikia na nini hawa?"

Kalunga hakujibu kwa ishara. Aliondoka, akachukua benchi refu la wageni, akaligeuza, akakaa mwisho mumoja mugongo kwetu na kiganja juu ya ubao. Kabla ya kutupa mugongo alikuwa ameniambia nimuombe yule mudogo akwaruze mwisho mwingine kwa ukucha, wakati atakaotaka. Yule akakwaruza. Kalunga akainua kidole. Yule mudogo akangoja kwa muda murefu, akakwaruza kidogo kabisa, mimi mwenyewe sikusikia kitu. Kidole. Akajifanya anakwaruza bila kugusa. Kidole hakikuinuka. Watoto wa nyumba wakaanza kucheka, na wazee wawili wakaondoka kwenye mukeka kwenda kujaribu nao.

"Nitamutengenezea kitanda cha mbao," nikasema nikiwa kinywa cha Kalunga, "na mukono wetu utalala juu yake."

Kisha Mauwa akamutazama baba yake. Mikono yake ilienda taratibu, na mimi nikaifuata, bila mabati.

"Baba. Mimi najua unapoumwa mugongo, kwa namna unavyovaa kofia. Najua ulipouza shamba la chini, kwa sababu uliacha kupita njia ile. Weye hujawahi kuniuliza kitu. Mutoto wangu atajifunza kusema kwa majirani, kwa soko, kwako ukija kututembelea. Lakini akikulia hapa, nitamutazama kama ninavyokutazama weye. Sitaki."

Papa Sangwa alivua kofia. Hakumutazama Mauwa. Alinitazama mimi.

"Weye kijana," akasema, "unajua dunia yao na yetu. Weye mwenyewe unasemaje?"

Ee, vijana. Ile njo nafasi niliyokuwa nikiingojea tangu kuzaliwa. Wazee wote wananitazama, na maneno yamejaa kinywani mwangu, mazuri, yaliyopangwa. Ningeweza kumaliza mambo yote pale pale. Nikaangalia mikono ya Mauwa. Ilikuwa imelala juu ya magoti, inangoja.

Nikalifanya swali la baba yake kwa mikono, wote wawili walione. Kisha nikasema: "Papa, leo miye sina neno. Bibi huyu njo mwenye neno. Umuulize yeye."

"Nimuulize namna gani? Miye sijui mikono."

Nikaiweka mikono yangu juu ya magoti. Kisha yule muzee akamugeukia binti yake, akamutazama usoni, na mukono wake ukapanda polepole, vidole vitano pamoja, ukagusa midomo. Kula. Ndiyo ishara moja tu waliyokuwa nayo nyumba ile, ya kumuita mutoto kiziwi aje kwenye sahani. Akaifanya mara moja. Kisha akainua nyusi, kama muntu anayeuliza.

Mauwa akaweka mukono midomoni naye. Papa Sangwa akasema kwa wale wa jikoni: "Muleteni chakula. Neno la mutoto limekwisha. Atakaa kwa mama yake."

Jogoo wangu hata hakuchinjwa. Aliishi Niemba miaka mingi na alikuwa na kelele, wanasema alinifanana.

Binti yao wa kwanza alizaliwa anasikia. Alijifunza kusema bila tabu yoyote. Alijifunza na matusi ya bandari, tukapata tabu ya kumufundisha kunyamaza. Alipokuwa mudogo alinigusa paja kabla ya kuniambia jambo, akangoja nimutazame. Papa Sangwa alikuja na treni kila mwaka kisha ya mavuno, na kila mara alirudi na ishara mbili tatu zaidi, kama muntu anayebeba mbegu.

Basi hizi njo kumbukumbu zangu. Mambo ya kupima mbao na kuchanganya lami munayajua, na mukisahau, ndani ya sanduku langu kuna patasi butu tatu. Ile yenye mupini mweusi nilipewa na Kalunga, musiitumie kufungulia makopo. Kiziwi akija kuomba kazi, mutoe misumari kinywani mwenu kwanza.

Naacha kwa sababu ya mugongo. Miaka hamsini na kitu si uzee, lakini mugongo wangu haukuniuliza. Kalunga ananizidi umri na bado anakuja kila asubuhi. Anasema mikono yake haijamuambia kitu. Siku yangu ya mwisho niliingia ndani ya ile mashua ya bluu kumalizia ubao wa chini, na yeye alikuwa nje. Nilipomaliza nilikaa tu pale ndani, sitaki kutoka. Nikagonga mara moja: niongeze?

Nikaweka kiganja juu ya ubao, nikangoja. Mapigo yakaja kutoka upande wake, polepole, mawili: inatosha.